Mwalimu, Kifafa Kinaambukiza?

Mara nyingi katika ukurasa wetu huu wa afya tunazungumza juu ya ugonjwa na dawa yake. Mwezi huu naomba tuwatazame watu wawili ambao huwa tunawasahau: mtoto mdogo anayeuliza juu ya ugonjwa, na mwalimu anayetakiwa kumjibu.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado kazini kama muuguzi, nilikwenda katika shule moja ya chekechea kupima uzito wa watoto. Shule sitaitaja. Ilikuwa saa nne asubuhi, wakati wa uji. Mtoto mmoja wa kike, wa miaka mitano hivi, alianguka ghafla. Mikono ilikakamaa, kikombe kikaruka, povu likamtoka mdomoni. Mwalimu alipiga kelele, "Msimguse! Tokeni wote!" Watoto wakakimbilia nje, na mwalimu mwenyewe akiwa mbele yao. Nilimlaza yule mtoto kiubavu, nikaweka kanga yangu chini ya kichwa chake, nikasubiri. Baada ya dakika mbili hivi alitulia, akashikwa na usingizi.

Mlangoni alibaki mtoto mmoja wa kiume ambaye hakukimbia mbali. Mwalimu aliporudi, yule mtoto akamwuliza, "Mwalimu, kifafa kinaambukiza? Jana nilinywa uji kwenye kikombe chake." Mwalimu akajibu, "Nyamaza, hayo ni maswali ya kikubwa. Wewe kaa mbali naye tu."

Basi. Juma lililofuata yule wa kike hakuonekana shuleni, kwani mama yake alikuwa ameombwa amweke nyumbani "mpaka apone". Na yule wa kiume, kama alivyonieleza mama yake kliniki, alikuwa halali usiku. Kila jioni alikuwa akiuliza yeye ataanguka siku gani.

Mwalimu yule hakuwa mkatili. Nilimfahamu vizuri; ndiye aliyekuwa akiwafunga watoto kamba za viatu na kuwafuta makamasi kutwa nzima, darasani mwake wakiwa wengi kupita kiasi. Alijibu kama alivyojibiwa yeye alipokuwa mdogo. Hofu ya povu la kifafa ni ya siku nyingi. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwe, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960, na aliandika jinsi alivyowakuta wagonjwa wanaokula peke yao na kulala peke yao, wengine wakiwa na makovu mabaya ya moto. Mtu alipoanguka motoni, wenzake waliogopa kumgusa wasije wakaambukizwa. Wala tusidhani kuwa hofu hii ni ya Afrika peke yake. Huko Uingereza sheria iliyowazuia watu wenye kifafa kuoa au kuolewa ilifutwa mwaka 1970 tu.

Kwa hiyo niliseme wazi kabla ya kuendelea: kifafa hakiambukizi. Si kwa povu, si kwa mate, si kwa kikombe, si kwa kumshika mgonjwa. Kifafa ni hitilafu katika ubongo. Inaweza kutokana na kuumia kichwani, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, au mabuu ya tegu wa nguruwe yaliyoingia katika ubongo. Katika sehemu kama Mahenge watafiti wameona kuwa wingi wa kifafa unahusiana na ugonjwa wa usubi, ambao minyoo yake huletwa na inzi wadogo weusi wa mitoni. Lakini hapo pia anayeleta minyoo ni inzi, siyo mwenzako wa darasani. Na kwa karibu nusu ya wagonjwa wote duniani chanzo hakijulikani.

Sasa turudi kwenye swali la yule mtoto. Kwetu mtoto akiuliza sana huambiwa ana mdomo mrefu. Anayesifiwa ni yule aliyetulia, anayeangalia wakubwa wanafanya nini naye akafanya. Watafiti waliochambua mazungumzo ya watoto wa miaka mitatu hadi mitano yaliyoandikwa mwishoni mwa miaka ya 1970 katika jamii nne, nazo ni Wamaragoli wa Kenya, Wagarifuna wa Belize, Wanewari wa Nepal na Wasamoa, walikuta watoto hao wanauliza maswali mengi tu: hiki ni nini, fulani yuko wapi. Ila maswali ya "kwa nini" yalikuwa machache sana kuliko yale ya watoto wa Ulaya na Marekani. Si kwamba watoto wetu hawana hamu ya kujua. Wamejifunza mapema kuwa mkubwa haulizwi sababu.

Lakini kabla hatujajilaumu sana, tusikie na ya London. Barbara Tizard na Martin Hughes walirekodi mazungumzo ya watoto wa kike 30 wa miaka minne, nyumbani na katika shule za chekechea, wakatoa kitabu mwaka 1984. Nyumbani watoto wale waliwauliza mama zao maswali kama 26 kwa saa. Shuleni waliwauliza walimu maswali mawili tu kwa saa. Mtoto ni yule yule. Kilichobadilika ni anayeulizwa. Nami nilipoisoma habari hiyo nilifikiri: basi mtoto anayethubutu kumwuliza mwalimu juu ya ugonjwa, mbele ya wenzake, ana jambo zito moyoni. Hakuuliza ili kupitisha muda.

Jambo zito lenyewe ni lipi? Kwa miaka yangu yote wodini, mtoto mdogo anayeulizia ugonjwa nimemwona akizunguka mambo matatu. Je, ni mimi niliyesababisha? Je, na mimi nitaupata? Na akifa mama, au nikiugua mimi, nani atanitunza? Swali linaweza kuja limevaa nguo nyingine kabisa, kama vile "dawa hii ni tamu?", lakini ukimsikiliza utakuta mojawapo ya hayo matatu limejificha ndani yake.

Lile la kwanza ndilo linaloumiza zaidi, na ndilo sisi wakubwa tunalolichochea bila kujua. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi, aliandika mwaka 1932 juu ya watoto waliosimuliwa habari ya mtoto aliyeiba matunda, kisha akapita kwenye daraja na ubao ukavunjika, akaanguka majini. Watoto wengi wadogo walisema daraja lilivunjika kwa sababu aliiba. Ugonjwa nao huwa hivyo katika mawazo ya mtoto: umekuja kwa sababu alikuwa mkaidi. Lakini siyo lazima abaki hapo. Mwaka 1988 Michael Siegal, aliyefanya kazi Australia, alionyesha kwamba hata watoto wa umri wa chekechea, wakiulizwa vizuri, wanajua kuwa mafua hutoka kwa mgonjwa mwenzao, wala hayaji kwa ajili ya utundu. Kumbe mtoto ana uwezo wa kuelewa kuliko tunavyomdhania. Sisi ndio tunaomrudisha nyuma tunapomwambia, "Unaona? Nilikukataza kucheza na mvua, sasa umeugua," au "Usipomaliza chakula daktari atakuchoma sindano." Hii ya pili imetusumbua sana wauguzi. Mtoto anafika kwetu akiamini sindano ni fimbo.

Kuhusu mvua na baridi, naomba nisieleweke vibaya. Kila watu wana bibi zao. Wajerumani neno lao la mafua linatokana na baridi. Waitaliano humwonya mtoto juu ya upepo unaopiga shingoni au tumboni. Huko Japani mtoto huambiwa afunike tumbo lake, asije mungu wa radi akamwibia kitovu. Maana yake ni kwamba tumbo likipigwa na baridi usiku litauma. Na katika chekechea hizo hizo za Japani watoto hufundishwa kunawa mikono na kusukutua koo kila warudipo kutoka nje, na viatu vinaachwa mlangoni. La bibi na la mwalimu yanakaa pamoja bila ugomvi. Ndiyo maana simpendi mwalimu anayemwambia mtoto, "Bibi yako ni mshamba, amekudanganya." Mtoto akilala leo analala kwa bibi, siyo kwa mwalimu. Mwambie tu, "Bibi anataka usipate baridi, ni vizuri. Na mafua yanapita kwenye makamasi na mikono, kwa hiyo tunanawa."

Hapo kuna jambo moja la lugha. Sisi tuna desturi ya kusema "wadudu". Mtu akitoka kupimwa malaria zamani alisema amekutwa na wadudu watatu. Kwa mtu mzima hayo yanaeleweka. Mtoto wa miaka mitano anajua mdudu ni mende, ni siafu, ni kitu chenye miguu. Niliwahi kumhudumia mtoto aliyekuwa akijikuna mkono mpaka damu, akiwatafuta wadudu wanaotembea ndani. Kusema "vijidudu" hakumsaidii sana, maana anaona ni wadudu wadogo tu. Mimi huwaambia watoto, "Kuna vitu vidogo sana, havionekani kwa macho, havina meno wala miguu. Vikiingia mwilini vinaleta homa, na mwili pamoja na dawa vinavishinda." Mwanasayansi anaweza kunisahihisha hapo kwenye miguu na mengineyo. Sitagombana naye, ila aje kwanza akae na watoto wenyewe.

Wapo watakaosema mtoto mdogo asibebeshwe mambo mazito, tumwache na utoto wake. Ninawaelewa, hata mimi ni mzazi. Lakini ukinyamaza mtoto habaki mtupu. Anajaza mwenyewe, na anayojaza huwa ya kutisha kuliko ukweli. Tarehe 16 Machi 2020, wakati ugonjwa wa korona ulipofunga shule za Norwe, Waziri Mkuu wa nchi hiyo, Erna Solberg, aliitisha mkutano wa waandishi wa habari ambao maswali yake yalikuwa ya watoto tu. Aliwaambia kwamba si vibaya kuogopa. Mwezi huo huo shule zetu nazo zilifungwa. Nawauliza wazazi wenzangu: ni wangapi kati yetu tuliokaa na wa chekechea wetu tukamweleza ni kwa nini haendi shule? Mimi mjukuu wangu aliniambia baadaye sana kwamba alidhani amefukuzwa.

Hata kifo, ambacho ndicho tunachokiogopa kuliko vyote. Mwaka 1978 Myra Bluebond-Langner alitoa kitabu juu ya watoto wa miaka mitatu hadi tisa waliokuwa na saratani ya damu katika hospitali moja ya Marekani. Hakuna aliyewaambia kuwa wanakufa, na wao walijua. Walinyamaza kwa sababu waliona wakubwa hawataki izungumzwe. Na huko Uswidi watafiti waliuliza wazazi 429 waliofiwa na watoto kwa saratani, wakachapisha majibu mwaka 2004. Wazazi 147 walisema walikuwa wamezungumza na mtoto wao juu ya kifo, na hata mmoja wao hakujuta. Wale ambao hawakuzungumza, 69 kati ya 258 walijuta.

Lakini kusema ukweli siyo kutangaza siri za watu. Hapa walimu wengi huteleza upande wa pili. Mtoto anauliza kwa nini fulani anakunywa dawa kila siku, na mwalimu, ili asidanganye, anataja ugonjwa wa mwenzake mbele ya darasa zima. Hiyo si haki yake. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2011 kwamba mtoto mwenye virusi vya UKIMWI aliyefikia umri wa shule ya msingi aelezwe hali yake, na walio wadogo zaidi waelezwe kidogo kidogo kadiri wanavyoelewa. Aelezwe yeye, siyo jirani yake wa dawati. Kwa hao wengine inatosha kusema, "Dawa inamsaidia awe na nguvu, na kucheza naye hakuna hatari yoyote." Afrika Kusini walipata njia nzuri ya kuzungumza bila kumtaja mtoto yeyote: tangu mwaka 2002 kipindi cha televisheni cha watoto, Takalani Sesame, kimekuwa na mwanasesere aitwaye Kami, yatima wa miaka mitano mwenye virusi hivyo. Watoto wanamwuliza na kumkumbatia yeye.

Narudi kwenye chekechea yangu. Kwa ruhusa ya mwalimu mkuu nilikwenda tena, nikaomba uji, nikaomba na kikombe cha yule mtoto aliyeanguka. Kilikuwa chekundu, cha plastiki, kimewekwa juu ya kabati peke yake. Nikakinywea mbele ya darasa. Nikawauliza, "Mnaona nimeanguka?" Mmoja akasema, "Labda kesho." Nikaona huyu anatumia akili. Nikawaahidi kurudi kesho, na nikarudi. Nikawaambia, "Umeme unapokatikakatika taa inawaka na kuzima, siyo? Ndani ya kichwa cha mwenzenu ilikuwa hivyo. Sasa ametulia. Hakiambukizi, na hakuna aliyemfanyia."

Yule mtoto wa kiume akanyosha mkono. "Basi mbona alianguka yeye, sisi hatukuanguka?"

Hilo ndilo swali gumu, na si la watoto tu. Evans-Pritchard, aliyeishi na Waazande kule Sudan ya Kusini ya leo, aliandika mwaka 1937 juu ya ghala linaloanguka na kuwaumiza watu waliokaa kivulini. Waazande walijua vizuri kuwa mchwa wamekula nguzo. Walichouliza ni kwa nini limeanguka saa ile, juu ya watu wale. Na sisi tunajua hivyo hivyo: malaria inaletwa na mbu, lakini msibani utasikia "kuna mkono wa mtu". Mwaka 2008 Cristine Legare na Susan Gelman walichapisha utafiti wao kwa watu 366 wanaosema Kisotho huko Afrika Kusini, kuanzia watoto wa miaka mitano hadi watu wazima. Wengi walikubali kuwa ugonjwa unatokana na sababu za mwilini, na wengi hao hao walikubali uchawi pia. Walioongoza kwa kutaja uchawi walikuwa watu wazima, siyo watoto. Yaani somo la afya halikuufuta. Wazo lile linaongezeka mtu anavyokua, na linaongezeka kwa kusikia majibu yetu.

Ndiyo maana nasema jibu la mwalimu wa chekechea ni kubwa kuliko yeye anavyofikiri. Akijibu "amerogwa", amempa mtoto jirani wa kumchukia. Akijibu "Mungu amemwadhibu", amempa Mungu wa kumwogopa. Wanafunzi wa Yesu nao waliuliza ni nani aliyetenda dhambi hata yule mtu akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake, na Bwana alikataa majibu yote mawili. Mimi siku ile nilimwambia yule mtoto, "Kwa nini yeye na siyo wewe, hilo sijui. Hata daktari hajui. Ila najua hakufanya kosa lolote." Alinitazama kwa muda, kisha akauliza kama uji umebaki.

Mama yake alinieleza baadaye kuwa usiku ule alilala.

Yule wa kike alirudi shuleni muhula uliofuata, akiwa ameanza vidonge vyake vya kila jioni. Mwalimu wake, ambaye nilikaa naye mchana mmoja chini ya mwembe tukazungumza kama dada na dada, aliandika mambo yafuatayo kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mlango wa kabati. Mtoto akianguka, ondoa mawe, viti na moto karibu naye. Mlaze kiubavu. Weka kitu laini chini ya kichwa. Usimshike kwa nguvu, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, usimpe maji mpaka aamke kabisa. Tazama saa, zikipita dakika tano hajatulia, au akianguka tena kabla ya kuzinduka, apelekwe hospitali mara moja.

Chini ya hayo watoto walimwomba aongeze la kwao, naye akaongeza: akiamka, mpe kikombe chake.